Mtihani wa Semeni katika Nchi ya Ngazini

Kuhusu safari yenyewe Mwalimu Leokadia Mbunda hakuwa na mengi ya kueleza. Alialikwa, akaenda, akafika. Wenzake wa shule ya Mbinga walipomuuliza Ngazini iko upande gani, aliwajibu kwamba iko juu, na ukishaanza kupanda huwezi kupotea kwa sababu njia ni hiyo hiyo. Wakamwamini. Leokadia hakuwa mtu wa kutunga mambo.

Alikuwa amefundisha Kiingereza tangu usichana wake, na wilaya nzima haikuwa na mwalimu aliyehangaikia msamiati wa wanafunzi kama yeye. Kuta za darasa lake zilijaa maneno makubwa kutoka sakafuni hadi darini. Mwanafunzi aliyethubutu kuandika neno jepesi alilikuta limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake limewekwa jingine refu la kujaza mstari. Sifa hizo ndizo zilizovuka mipaka. Ngazini walihitaji mtahini kutoka nje, wakamtaka yeye.

Langoni alipokewa na Bwana Kirambo, Afisa Itifaki wa Msamiati, mwanamume mwembamba mwenye suti iliyopigwa pasi mpaka ikakosa raha. Leokadia alimsalimia kwa Kiingereza, akasema amefurahi kufika na yuko tayari kusaidia. Aliposikia neno "help", Kirambo aligeuza uso ukutani kama mtu aliyemfumania mgeni wake bafuni.

"Samahani, Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Hilo neno ni la watoto wanaonyonya. Afadhali tuzungumze Kiswahili. Kwa wageni sheria inaruhusu."

"Na ninyi kwa ninyi?"

"Kiingereza tu. Kiswahili ni kwa mgeni au mnyama wa kufugwa. Sheria imeandikwa hivyo hivyo."

Wakaanza kupanda. Mji wa Ngazini umejengwa ubavuni mwa mlima, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huitwa kipandio. Kirambo alieleza kwamba kila kipandio kina maneno yake ya Kiingereza. Ya chini ni mafupi, ya juu ni marefu, na kule Kileleni, linakokaa Baraza, yamekuwa marefu kiasi kwamba mzungumzaji huruhusiwa kupumzika katikati. Anayefaulu mtihani hupanda kipandio kimoja na kupewa maneno mapya. Lakini kwanza husalimisha aliyokuwa nayo. Husimama mbele ya chungu, huyatamka kwa mara ya mwisho, kisha chungu hufunikwa.

"Kwa nini asibaki na yote?" Leokadia aliuliza.

Kirambo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, si wewe mwenyewe huwa unayakata?"

Leokadia akakiri kwamba huwa anayakata, na mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa.

Kwenye kipandio cha kwanza walipita shule ya chekechea. Katikati ya watoto, juu ya kigoda kisichomtosha, alikuwa ameketi mzee mwenye ndevu na joho la mahakama, akila uji kwa kijiko kidogo. Kirambo alieleza kwa huzuni kwamba huyo ni jaji. Paa la mahakama lilivuja akiwa katikati ya hukumu, naye badala ya kutumia "precipitation" akasema "rain", kama mtoto. Adhabu ya kutumia neno ulilosalimisha ni kurudishwa chekechea mpaka jua lizame.

"Masikini," Leokadia akasema.

"Ni mkosaji sugu," Kirambo akajibu. "Na cha ajabu, hakosei ila saa uji unapoiva."

Jaji alimwomba mwalimu wa chekechea sukari kidogo, akapewa, akaendelea kula bila haraka.

Mambo hayo Leokadia aliyaona ya kuchekesha, lakini moyoni alikuwa na furaha. Maisha yake yote alikuwa ameota mahali ambapo mtu haoni haya kupenda maneno. Kila alipopita aliona vijana wamekaa vikundi vikundi wakirudia msamiati, hakuna anayesinzia, hakuna anayechora pikipiki pembezoni mwa daftari. Akajiambia kwamba nchi yoyote ina vituko vyake.

Alipangiwa kulala kwa mwanamke aliyeitwa Sikudhani, mpishi wa kipandio cha pili. Wageni wote hulazwa huko chini kwa sababu ndiko kuliko na majiko. Waheshimiwa wa Kileleni hupikiwa huko pia, chakula kikapandishwa kwa kapu. Hawachagui, kwa kuwa maneno ya vyakula waliyasalimisha zamani. Mheshimiwa wa mwisho kujaribu kuagiza alituma neno refu ambalo jikoni walilijadili, wakakubaliana kwamba pengine ni viazi. Tangu hapo Kileleni huliwa viazi.

Sikudhani alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye macho yanayoona sufuria zote kwa wakati mmoja. Alimkaribisha Leokadia kwa Kiswahili kingi, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Akamwambia habari zake bila kuulizwa. Aliwahi kufaulu vizuri ujanani, lakini alipofika mbele ya chungu akatakiwa asalimishe maneno "come" na "eat". Alikuwa na mtoto wa kulisha. Akakataa, akarudi jikoni, na hapo ndipo alipobaki. Mumewe Hemedi hakurudi. Alipanda kipandio baada ya kipandio mpaka akapita cha mwisho, na sasa ndiye Mtukufu wa Kilele, kiti chake kikiwa juu ya viti vya Baraza zima.

"Anasemaje?" Leokadia akauliza.

"Nani anajua?" Sikudhani akajibu. "Tulipokuwa tumebakiwa na maneno machache bado tulisalimiana ngazini. Yalipokwisha, akawa ananiinamia kichwa. Sasa hata kichwa hakionekani, kiko juu mno."

Jioni hiyo aliingia binti yao, Semeni, akiwa na vitabu kifuani. Ndiye aliyekuwa mtahiniwa wa kesho. Alikuwa msichana wa macho makali na mdomo mwepesi kucheka, na alipoambiwa mgeni ni nani, alimshambulia Leokadia kwa maswali ya Kiswahili: neno hili limetoka wapi, lile lina ndugu gani, kwa nini herufi hii inaandikwa na haitamkwi. Leokadia alitambua mara moja kwamba huyu si mkariri. Huyu alikuwa ana njaa ya maneno kama wengine walivyo na njaa ya nyama.

Kilichomshangaza ni walivyozungumza mama na mwana. Katika Kiingereza chote walikuwa wamebakiwa na neno moja tu la pamoja, "mother", ambalo sheria huliacha mpaka mtihani mkubwa, ule wa kesho. Yaliyosalia walipitishia kwa mbuzi. Mbuzi huyo, jike la madoa jina lake Jirani, alikaa ndani kati ya meza na jiko, naye alikuwa ameshazoea.

"Jirani," Sikudhani alisema huku akikoroga mchuzi, "huyo mtoto umemwambia achane na vitabu, ale?"

"Jirani," Semeni akajibu, akimkuna mbuzi masikioni, "mwambie nakuja, namalizia ukurasa huu."

"Jirani, ukurasa huo umekuwa ukimalizwa tangu mchana."

Wakacheka wote watatu, na mbuzi akatafuna kona ya kitambaa cha meza. Kisha Sikudhani akaacha kukoroga, akaendelea kumtazama mbuzi.

"Jirani," akasema, "kesho akifaulu atakaa huko karibu na Kilele, ambako mifugo hairuhusiwi. Na lile neno letu moja ataliweka chunguni. Sasa mimi na wewe tutabaki tunaongea nini?"

Semeni alikula chakula chake chote, akaomba aongezewe, ingawa ilionekana wazi kwamba ameshiba. Leokadia aliinamia sahani yake. Alikuja kutoa alama, na ghafla alama hizo akaziona nzito.

Asubuhi walipanda wote mpaka Kileleni. Jirani alibaki chini amefungwa, na Sikudhani akasimama nyuma ya kamba pamoja na wazazi wengine, mikono imekunjwa, hana wa kusema naye. Baraza lilikuwa limeketi duara. Juu ya kiti kirefu chenye ngazi yake alikaa Mtukufu Hemedi, mzee mwenye kilemba, mkono wake wa kushoto umeshika shavu kama mtu anayewaza mambo mazito.

Kirambo alimnong'oneza Leokadia jambo lililokuwa likisumbua taifa. Tangu mvua zilipoanza, Mtukufu alikuwa akitamka neno moja tu, "odontalgia", asubuhi na jioni, na hakuna katika Baraza aliyelifahamu, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyefika huko lilikotoka. Kulizuka kambi mbili. Moja ilishikilia kwamba ni jina la sera mpya, na ilikuwa imeshaanza kuitekeleza. Nyingine ilidai ni jina la nchi ambayo wananchi wote wanapaswa kuhamia, na baadhi yao walikuwa wamefunga mizigo. Kulikuwa na kamati ya kusuluhisha, nayo ilipendekeza mnara.

"Bila shaka wewe Mwalimu unalijua," Kirambo alimalizia.

Leokadia alitikisa kichwa taratibu, namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa hapana. Hakuwahi kulisikia.

Mjumbe mmoja wa Baraza alisimama, akazungumza kwa muda mrefu, akapumzika katikati, akamaliza. Kirambo akatafsiri kwamba swali la mtihani ni moja tu: mtahiniwa aeleze neno la Mtukufu. Akipata, atasalimisha maneno yake na kupanda. Chungu kilikuwa kimeshawekwa, kifuniko pembeni.

Semeni alisogea mbele. Alikuwa hajamwona baba yake kwa karibu tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Watu walisubiri aangalie juu darini, kama watahiniwa wanavyofanya wanapovuta neno kutoka kichwani. Yeye alimwangalia mzee usoni. Akaangalia ule mkono uliokuwa shavuni, na shavu lenyewe, ambalo upande mmoja lilikuwa limevimba kama limeficha embe. Akaona jicho la upande huo linavyolengwa na machozi.

"Odontalgia," Mtukufu akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa.

"Baba," Semeni akasema kwa Kiswahili, "ni jino?"

Kelele zikalipuka katika Baraza. Wajumbe walisimama, wakakaa, wakasimama tena. Kiswahili kilikuwa kimetamkwa Kileleni, tena akiambiwa Mtukufu. Baada ya kuelezana kwa muda walikubaliana kwamba sheria iko wazi: Kiswahili ni kwa mgeni au mnyama wa kufugwa. Basi, ama msichana amevunja sheria na afukuzwe mtihanini, ama Mtukufu ni mmoja wa hao wawili. Mjumbe mmoja alijaribu kutetea kwamba Mtukufu anaweza kuhesabiwa mgeni kwa kuwa nyumbani kwake hajaonekana siku nyingi. Akapingwa: mgeni ni mtu aliyepita langoni na kuandikishwa. Waligeuka wote wakamtazama Leokadia, kwa sababu yeye ndiye mtahini, na uamuzi ulikuwa wake.

Leokadia alisimama. Alikuwa bado hajui atakachosema, na Kirambo ameshainua kalamu, sauti iliposikika kutoka juu ya kiti kirefu.

"Mee," Mtukufu akasema.

Kirambo akashusha kalamu.

Mtukufu Hemedi aliteremka ngazi ya kiti chake polepole, kinyumenyume, akafika sakafuni, akapiga magoti, akaweka mikono chini. Kilemba kikamlalia upande mmoja. Akalia tena, kwa kirefu na kwa uwazi, ili katibu asije akasema hakusikia: "Meee."

Hapo Sikudhani akapita chini ya kamba. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna aliyejua ni kifungu gani cha kumzuia nacho. Alichuchumaa mbele ya mumewe, akamshika kidevu.

"Baba Semeni," akasema, "fungua mdomo nione."

Mzee akafungua.

"Hilo la nyuma limeoza lote. Ni miwa, sivyo? Nilikwambia uache miwa ukanijibu neno refu. Limeanza lini?"

"Zamani," Mtukufu akajibu kwa Kiswahili. Lilitoka limekwaruza, lakini lilitoka. "Mama Semeni, nimeumwa. Nimewaambia kila siku."

"Wewe uliwaambia, wao wakakuandalia mnara. Inuka twende."

Mwenyekiti wa Baraza akatangaza, kupitia Kirambo, kwamba mambo yamekwisha kihalali: Mtukufu amejitambulisha kuwa mfugo, msichana hana kosa. Lakini kwa kuwa mifugo hairuhusiwi Kileleni, lazima ateremshwe mara moja. Alikuwa bado hajaketi wakati mjumbe mzee wa safu ya nyuma, aliyekonda kuliko wote, alipokohoa na kusema "mee". Alipoulizwa ana nini, alieleza kwa Kiswahili kwamba hana lolote, ila ameshindwa na viazi, na angependa kujua kama huko chini bado kuna dagaa. Mama mmoja mwenye miwani naye akalia, kisha akauliza kama kuna mtu anayejua hali ya dada yake wa kipandio cha tatu. Baada yake hakuna aliyesubiri zamu. Wengine walilia kama kondoo, mmoja kama ng'ombe kwa kuwa alikuwa na sauti nene, na mwenyekiti, mtu wa heshima zake, alilia mwisho, akafuatisha na ombi la blanketi. Kileleni kulikuwa na baridi, naye alikuwa amesalimisha neno la blanketi akiwa kijana.

Kirambo alibaki amesimama peke yake katikati ya ukumbi, kalamu mkononi.

"Mwalimu," akasema, "mimi ni afisa wa itifaki. Nifanye nini?"

"Ni mifugo yako," Leokadia akamjibu. "Wachunge."

Wakateremka wote, Kirambo nyuma, akiwaelekeza kwa mkono kwenye kona. Watu wa vipandio vya chini walitoka milangoni kutazama. Karibu na kipandio cha tano, Leokadia alimsikia afisa akitoa mlio mdogo, wa haraka, kama mtu anayesafisha koo. Kisha akamuuliza, kwa aibu, kama kuna namna ya kuvaa suti bila kubanwa makwapani.

Jino la Hemedi liling'olewa kabla ya chakula cha mchana na fundi wa kipandio cha pili, na watu walioshuhudia walisema Mtukufu alipiga kelele kwa neno fupi kuliko yote. Sheria haikufutwa. Ngazini si nchi ya kufuta sheria. Ila watu walianza kutoa mlio mdogo wa mbuzi kabla ya kuanza mazungumzo, kama wengine wanavyopiga hodi, na baada ya siku chache hakuna aliyeuona kuwa wa ajabu. Wajumbe waliokwisha kula dagaa walirudi Kileleni wakiwa na nguvu zaidi, na inasemekana mijadala yao imekuwa mifupi.

Kirambo alifika jikoni kwa Sikudhani kuchukua alama. Leokadia alimwambia Semeni amefaulu. Afisa akauliza basi lini atasalimisha maneno yake. Leokadia akasema hatasalimisha, na kama Baraza lina swali, literemke.

Semeni alikuwa amekaa kizingitini, kamusi kubwa ya Leokadia mapajani. Alikuwa ameitafuta "odontalgia" mwenyewe, akaipata, akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu, ni maumivu ya jino tu. Kumbe Baba alikuwa anasema kweli muda wote."

"Nami sikulijua," Leokadia akasema.

"Ni neno zuri lakini. Nalipenda linavyozunguka mdomoni. Nitalishika." Akafunga kamusi, akaikumbatia. "Lile la Kiswahili ninalo, hili ninalo, na lile fupi la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo, nililoliweka chunguni mwaka juzi, nitakwenda kulichukua. Chungu hakina kufuli."

Ndani, Hemedi alikuwa amejilaza mkekani, kichwa kimefungwa kitambaa. Sikudhani alimletea uji. Akasema ni wa moto. Ukapozwa. Akasema sasa haunyweki, umepoa mno, na kwamba akinyweshwa pengine utashuka vizuri zaidi. Sikudhani akamwambia yeye ni mzee mzima, kisha akakaa, akachukua kijiko, akaanza kumnywesha. Hemedi akalalamika kwamba mto uko chini. Sikudhani akamwinulia mto. Akalalamika kwamba sasa uko juu.

Semeni aliwatazama kwa muda, kidevu juu ya kamusi.

"Mwalimu," akauliza, "kudeka, kwa Kiingereza wanasemaje?"

Leokadia akafungua mdomo. Yakamjia maneno kadhaa, mengine mazuri, ya kujaza mstari mzima. Aliyapima moja baada ya jingine huku akimtazama mzee akigeuza uso ukutani ili abembelezwe kumalizia uji, na mkewe akiubembeleza uso urudi. Hakuna lililotosha.

"Sijui," akasema.

Semeni alisogea pembeni, akamwachia nafasi kizingitini. Leokadia akakaa, wakaendelea kuangalia.